Nani Atashuka Nami Melini?

Usiku ule stima ilikuwa imepotea mtaani, kwa hivyo nilichora jedwali langu kwa mwanga wa simu, nyuma ya daftari la mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliyeacha kurasa nyingi tupu. Juu niliandika nchi tatu: Marekani, Ujerumani, Uchina. Kushoto nikaorodhesha niliyotaka kujua: mshahara, kodi ya nyumba, baridi, urefu wa mkataba, unga wa ugali unapatikana ama la. Jibu likiwa zuri, naweka tiki. Kufikia saa tano usiku Marekani ilikuwa inaongoza.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Miaka sita nimefundisha sekondari hapa Nairobi kama mwalimu wa BOM, yaani yule anayelipwa na bodi ya shule pesa zikipatikana. Kuna miezi zinapatikana, na kuna miezi unaambiwa "tuvumiliane, mwalimu". Sasa fikiria: lugha ambayo wanafunzi wangu huiita somo la kupumzikia, kumbe vyuo vya mbali vinaitafutia walimu. Grupu letu la WhatsApp la wenzangu wa chuo kila Agosti hugeuka albamu ya viwanja vya ndege. Jamaa aliyekuwa akiniomba nukuu za fasihi simulizi sasa anapiga picha kwenye theluji. Na mimi nikasema, kwani mimi nina nini? Nikaanza kutuma maombi.

Jambo moja sikuliweka kwenye jedwali. Nina binti wa miaka minne. Nafasi ya Marekani ilikuwa ya miezi tisa, mwalimu peke yake. Mama alishasema hakuna shida: "Niachie mtoto, wewe nenda ukatafute. Si mimi ni shosho yake?" Kwa hivyo sikuona haja ya kumwandikia binti yangu safu yake.

Jumamosi nilimtembelea mwalimu wangu wa zamani wa chuo, mzee wa Mvita aliyestaafu akabaki Nairobi kwa ajili ya wajukuu. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akanimiminia kahawa tungu, nikamwonyesha daftari. Alilisoma polepole kama anayesahihisha insha.

"Mwanangu," akasema, "waniuliza nchi gani yalipa. Sijakusikia ukiuliza nchi gani yajua kukaa na watu." Kisha akaniuliza kama namkumbuka Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Nilimkumbuka, lakini kama jibu la swali la mtihani. Mzee akacheka. "Basi huyo ndiye aliyekutangulia kwenye hilo jedwali lako. Kamsome kwanza."

Nilikwenda kumsoma. Nilidhani itanichukua wikendi moja. Ilinichukua miezi miwili, na jedwali likaharibika kabisa.

*

Tuanze Berlin, mwaka 1887. Mwaka huo Wajerumani walifungua Seminari ya Lugha za Mashariki katika chuo kikuu cha mji huo. Walikuwa wametia mguu pwani yetu ya Afrika Mashariki, na muda si muda wangejitwalia eneo ambalo leo ni Tanzania bara, Rwanda na Burundi. Walihitaji maafisa, makarani, wafanyabiashara na wamisionari wanaoweza kuzungumza na watu wa huko bila mkalimani. Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha za seminari hiyo.

Profesa Mjerumani aliweza kueleza ngeli na nyakati za vitenzi. Lakini nani angewafundisha kutamka, kusimulia, kusoma barua iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu? Ndipo seminari ikaanza kuajiri wasemaji wenyewe. Wa mwanzo walitoka Unguja: Sleman bin Said, kisha Amur bin Nasur, aliyefundisha kuanzia 1891 hadi 1895. Amur aliandika kwa Kiswahili kuhusu maisha yake na safari yake, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1894 katika mkusanyiko wa C. G. Büttner. Yaani kufikia wakati reli ya Mombasa inaanza kujengwa, mwaka 1896, tayari Mswahili alikuwa amewahi kusimama mbele ya darasa Berlin, amefundisha, na amerudi kwao.

Nilipofika hapo nilijivunia kidogo. Halafu nikajiuliza swali ambalo mwalimu yeyote hujiuliza siku ya kwanza: darasani kuna nani, na anataka somo hili la nini?

Jibu halikunipendeza. Wengi wa wanafunzi wale walikuwa wanajiandaa kwenda kutawala. Walijifunza Kiswahili ili waamrishe, wahukumu, watoze kodi. Mwalimu aliwapa lugha ya nyumbani kwao, na wao wakapanda meli kwenda huko huko nyumbani kwake wakiwa na lugha hiyo mkononi. Sisemi Amur alikosea. Alikuwa na kazi na alilipwa. Lakini kwenye jedwali langu hakukuwa na mstari wa kuuliza ni nani watakaonisikiliza, na watayapeleka wapi niliyowafundisha.

*

Mtoro alifika Berlin mwaka 1900. Kwao ni Dunda, karibu na Bagamoyo. Alikuwa amesoma chuoni, yaani madrasa, akawa mwalimu wa Kurani, na kwa muda akafanya kazi ya kukusanya kodi chini ya Wajerumani. Alikuwa mtu mzima wa takriban miaka 30, msomi wa aina yake, tayari amesafiri bara. Seminari ilimchukua kuwa mwalimu wa Kiswahili.

Huko Berlin alifanya kazi ambayo mpaka leo tunaila sisi. Mwaka 1903 kilitoka kitabu kiitwacho *Desturi za Wasuaheli*: kuzaliwa, malezi, jando, harusi, ngoma, safari, utumwa, tiba, mazishi, sheria. Ukitaka kujua mtu wa Bagamoyo aliishi vipi kabla mambo hayajageuka, utaanzia hapo. Mwandishi mkuu wa maandishi hayo ni Mtoro. Jina lililo kwenye jalada ni la Carl Velten, profesa wake.

Kiswahili cha kitabu kile kilinishangaza. Ni cha mtu anayekaa nawe barazani na kukueleza mambo anayoyajua, bila haraka, bila kujitetea. Nilikuwa nimezoea kufundisha "utamaduni wa Mswahili" kutoka kwa vitabu vilivyomnukuu Velten. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa namsoma Mtoro bila kujua. Mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ndiyo iliyoliweka jina la Mtoro kwenye kichwa cha kitabu. Hesabu mwenyewe: miaka 78. Mzee wa watu alikuwa ameshafariki zamani.

Na bado sijafika penye uchungu.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke Mjerumani, Bertha Hilske. Ndoa ilikuwa halali kwa sheria ya Ujerumani. Hakuna kifungu walichovunja. Lakini mambo yakabadilika. Mwalimu ambaye watu walikuwa wamezoea kumwona kama kifaa cha matamshi sasa alikuwa mume wa mtu, anatembea barabarani na mkewe. Kazi ya seminarini ikafika mwisho. Mwaka 1905 Mtoro akaamua kurudi nyumbani na mke wake.

Walipanda meli, wakasafiri wiki nyingi, wakafika Dar es Salaam. Gavana wa koloni, Götzen, akakataa wasishuke. Mwafrika aliyemwoa Mzungu, mbele ya watu wote wa koloni? Hapana. Utawala ule ulisimama juu ya imani kwamba hao wawili si watu wa daraja moja, na sasa wanakuja wameshikana mikono. Ilikuwa ni mwaka ule ule ambao Maji Maji ililipuka kusini, kwa hivyo unaweza kuwazia hofu iliyokuwa ofisini mwa gavana. Mwaka uliofuata, 1906, ndoa za aina hiyo zikapigwa marufuku kabisa katika koloni lile.

Niliisoma sehemu hiyo ndani ya matatu, nikapitiliza steji yangu. Nilikuwa nawaza mtu aliyesimama kwenye meli, anaiona pwani yake. Bagamoyo si mbali na pale. Labda harufu ya nchi kavu inamfikia. Ujerumani walimtaka mdomo wake wakamchoka alipokuja mzima mzima, na kwao napo, pamekuwa pa Wajerumani wale wale, hashuki. Meli ikageuka, ikawarudisha wote wawili Ulaya.

Aliishi huko maisha yake yote yaliyobaki. Alifundisha Hamburg kuanzia 1909 hadi 1913, akarudi Berlin, akafariki mwaka 1927. Bagamoyo hakuiona tena.

Usiku huo nilifungua lile daftari na kuandika mstari mpya, wa kwanza ambao haukuhusu pesa: *Nani ataruhusiwa kushuka nami?* Nikaenda moja kwa moja hadi safu ya Marekani. Miezi tisa, mwalimu peke yake. Sikuweka tiki. Binti yangu alikuwa amelala karibu yangu, mguu mmoja juu ya mgongo wangu kama kawaida yake.

*

Ningeweza kuishia kwa Mtoro, lakini mzee alikuwa amenipa orodha.

Kulikuwa na Mdachi bin Sharifu, naye mwalimu wa Kiswahili Berlin. Mwaka 1919, Ujerumani ikiwa imeshindwa vita na watu wake wakilia warudishiwe makoloni, Mdachi alisimama kwenye mikutano ya hadhara akawaeleza Wajerumani wenyewe jinsi watu wa kwao walivyoishi chini ya utawala wao. Watetezi wa ukoloni wakamjia juu. Mwaka 1920 akarudi Tanganyika. Huyu nilimpenda. Alikuwa amefundisha sarufi miaka kadhaa, kisha siku moja akaitumia sauti yake kusema alichokiona.

Halafu kuna Bayume Mohamed Husen, na hapa naomba usome polepole.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Wajerumani. Vita vya Kwanza vilipoanza, mwaka 1914, naye aliingizwa jeshini pamoja na baba yake. Alikuwa na miaka kumi. Alijeruhiwa, akashikwa na Waingereza. Vita vikaisha, baba na mtoto wakiwa bado wanadai mishahara yao. Baadaye Bayume alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai deni hilo. Akaambiwa amechelewa.

Hakurudi. Alikuwa mhudumu wa mikahawa, akaigiza kwenye filamu akipewa zile nafasi ndogo za mtumishi Mwafrika, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu kama msaidizi wa lugha. Januari 1933 alimwoa mwanamke Mjerumani, Maria Schwandner. Siku tatu baada ya harusi, Hitler akawa chansela.

Hebu jiweke hapo. Ameichagua nchi. Lugha yake anaijua tangu utotoni, aliipigania vitani, ana kazi, ana mke. Kwenye jedwali lolote angeweka tiki kila mahali. Halafu serikali inabadilika wiki ya fungate. Watu waliotoka makoloni ya zamani hawakuwa raia kama raia wengine, na koloni lenyewe halikuwepo tena. Hapakuwa na ubalozi wa kukimbilia.

Kitu cha ajabu ni kwamba Wanazi hawakuacha mara moja kumtumia. Walikuwa na ndoto ya kurudishiwa makoloni, kwa hivyo Kiswahili kiliendelea kufundishwa, na mwalimu aliendelea kuhitajika. Mwaka 1941 alionekana kwenye filamu iliyomtukuza Carl Peters, yule ambaye kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Mwaka huo huo kazi ya chuo ikaisha baada ya migogoro na wakuu wake. Mwezi Agosti akakamatwa na polisi wa siri kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, nje kidogo ya Berlin, na akafia humo Novemba 24, 1944.

Tangu mwaka 2007 kuna jiwe dogo la shaba kwenye njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba aliyokaa mtaa wa Brunnenstraße. Lina jina lake. Mawe kama hayo yako mengi Ujerumani, kila moja mbele ya nyumba ya mtu aliyechukuliwa na Wanazi. Huyu mmoja alikuwa mwalimu wa Kiswahili.

*

Nilirudi kwa mzee na hasira. Nikamwambia basi Ujerumani nimeifuta, tena kwa wino. Nchi iliyomla mwalimu mwenzangu naiendea nini?

Mzee alinitazama. "Na yule aliyefungwa hapa kwetu, je? Utaifuta Kenya pia?"

Alikuwa anamsema Abdilatif Abdalla. Hii nilijua, ila sikuwahi kuiweka karibu na ile nyingine. Mwaka 1968, kijana wa Mombasa wa miaka 22 hivi, alitoa waraka ulioitwa *Kenya: Twendapi?* Kwa kuuliza tu tunaelekea wapi, serikali ya Kenya huru ikamfunga miaka mitatu. Gerezani akatunga mashairi, mengine akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na yakaja kuwa diwani ya *Sauti ya Dhiki*, iliyochapishwa 1973. Mwaka 1974 diwani hiyo ikashinda tuzo iliyobeba jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Kenya yetu bana.

Alipotoka mwaka 1972 alivuka kwenda Tanzania, akafanya kazi ya utafiti wa Kiswahili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1979 akaenda London, kwenye idhaa ya Kiswahili ya BBC. Na kuanzia 1995 akawa mhadhiri wa Kiswahili Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, mpaka alipostaafu mwaka 2011. Miaka 16. Amefundisha, amealikwa, ameheshimiwa, amezeekea kazini. Jina lake liko kwenye vitabu vyake.

Nchi ni ile ile. Lakini sheria ni nyingine, chuo ni kingine, wanafunzi ni wengine, na Mkenya aliyesimama pale mbele ana pasipoti ya nchi huru, hata kama nchi hiyo ilimtesa.

Nilikaa kimya kidogo. Kumbe swali la mzee, la nchi ijuayo kukaa na watu, halijibiwi kwa jina la nchi. Mtoro na Abdilatif walifundisha lugha moja katika nchi moja. Kilichowatofautisha ni kile ambacho kila mmoja aliruhusiwa kuwa, nje ya ile saa moja ya kipindi. Mtoro alipojaribu kuwa mume, mambo yakaharibika. Bayume alipodai malipo na heshima, kisha akapenda, akauawa. Lugha yao ilipendwa muda wote. Ujue, mtu anaweza kukipenda Kiswahili chako sana na bado asitake uhamie jirani yake.

Na siku hizi hatuulizi. Tunaona Kiswahili kina siku yake duniani, Julai 7, UNESCO wametangaza, tunaposti bendera, tunadhani mlango umefunguliwa kwa ajili yetu. Mlango umefunguliwa kwa lugha. Kama umefunguliwa kwako pia, hilo lazima uulize mwenyewe, kwa maandishi, kabla hujauza friji.

*

Nililichana lile jedwali. Badala yake niliandika barua pepe moja, nikaituma kwa vyuo vyote vitatu, na maswali manne. Wanafunzi wangu watakuwa akina nani, na wanasoma Kiswahili kwa sababu gani? Nikitayarisha vifaa vya kufundishia, jina litakuwa la nani? Mkataba ukiisha au ukivunjwa, nina haki gani, na nina muda gani wa kukaa? Na mtoto wangu: anaweza kuja nami, na atakuwa na bima na shule?

Wenzangu kwenye grupu waliniambia nimejiharibia. "Mwalimu, hivyo ndivyo watu hukosa bahati. Wewe nenda kwanza, mengine utayajua mbele." Mama naye alinuna siku mbili. Alidhani nimesema hawezi kumlea mjukuu wake. Ilibidi nimkalishe nimsimulie habari ya ile meli, mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza kusikiliza aliuliza kitu kimoja tu: "Na yule mke alisema nini walipokataliwa?" Sikujua. Kwa yote niliyosoma, sikumsikia Bertha akizungumza mahali popote.

Marekani walijibu siku ya pili, kwa adabu: nafasi ni ya mtu mmoja na masharti hayabadiliki. Niliwashukuru. Uchina, ambako Kiswahili kimefundishwa vyuoni tangu miaka ya 1960, walinijibu vizuri kuhusu wanafunzi. Kuhusu mtoto waliniambia anaruhusiwa, ila shule nijitafutie. Wajerumani walinyamaza wiki tatu. Nikaanza kuona wenzangu walikuwa sahihi. Nikarudi darasani, nikasahihisha insha, nikaambiwa tuvumiliane.

Halafu jibu likaja, refu, limejibu swali moja baada ya jingine kwa nambari. Wanafunzi: wa isimu, wa historia, na vijana ambao mmoja wa wazazi wao alitoka Afrika Mashariki na wanataka kuzungumza na nyanya zao. Jina: langu. Mkataba: miaka miwili, unaweza kuongezwa, na haki zangu zimeandikwa. Mtoto: aje, ana bima, na chekechea wameniwekea kiungo cha kuomba nafasi mapema kwa sababu foleni ni ndefu. Mshahara ni mdogo kuliko ule wa kwanza niliouwekea tiki. Unga wa ugali, nimeambiwa, unauzwa kwenye duka la Waafrika karibu na stesheni, bei ya kuumiza.

Sijidanganyi kwamba maswali manne yananikinga na kila kitu. Bayume angeweza kuyauliza mwaka 1932 na akapata majibu mazuri. Serikali hubadilika, hata huko, na tunasikia kwenye habari wanavyozozana kuhusu wageni. Ndiyo maana nimeweka nakala za barua zote kwenye faili moja, na nauli ya kurudi ya watu wawili kwenye akaunti nisiyoigusa.

Tarehe ya ubalozini ni mwezi ujao. Fomu ni mbili. Jana usiku tulijaza ya pili, mimi naandika, yeye amekaa mezani miguu inaning'inia. Tulipofika penye kazi ya mwombaji nilimuuliza niandike nini. Akafikiri. "Andika niko PP1."